Mkorosho hauhamishwi

Korosho haichumwi. Bibo likiiva hugeuka jekundu au la njano, kisha hudondoka lenyewe, korosho ikiwa imeng'ang'ania kwenye kitako chake. Kazi ya mwenye shamba ni kuwepo linapodondoka. Aokote, anyofoe korosho, aianike juani siku mbili tatu mpaka akiitikisa isikike ikigonga ndani ya ganda. Mtwara na Lindi msimu huanza Oktoba na kwenda hadi Desemba au Januari, na mti haumwagi mzigo wake kwa siku moja. Unadondosha kidogo kidogo, leo hapa, kesho pale.

Ndiyo maana chini ya mkorosho lazima pawe peupe. Pasipofyekwa mapema, korosho hupotelea majanini, panya na nguruwe pori huiwahi, na moto wa pori ukipita huondoka na korosho pamoja na matawi ya chini.

Sasa ichukue picha hiyo uiweke Oktoba 1974. Miti ipo. Mabibo yanadondoka. Mwenye miti, kama mamilioni ya wakulima wengine wa Tanzania enzi za Ujamaa, amehamishiwa na serikali kijiji kipya kando ya barabara, mwendo wa saa mbili au tatu kutoka hapo.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna na kuuza korosho zipatazo tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa kama tani 17,000.

Wiki kadhaa sasa namba hizo mbili hazinitoki kichwani.

## Ugonjwa ulikuta mti umeshaachwa

Ukiuliza kilichoua korosho, jibu la haraka ni ubwiriunga. Na ni kweli, ubwiriunga ni adui mkubwa. Ni ukungu unaofanana na unga mweupe, unashambulia majani machanga na maua kati ya Juni na Septemba, wakati usiku ni wa baridi na asubuhi kuna umande. Ua likishapata unga huo hukauka kabla ya kufunga korosho. Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga, takriban gramu 250 kwa mti mkubwa kwa kila mpulizo, na mpulizo mmoja hautoshi: unarudia kila baada ya wiki mbili hivi kwa kipindi chote cha maua.

Lakini tazama tarehe. Ubwiriunga ulitambuliwa rasmi nchini mwaka 1979. Kufikia hapo mavuno yalikuwa yameshashuka chini ya nusu ya yale ya 1973/74.

Kwa hiyo kabla ya ugonjwa palikuwa na jambo jingine. Bei ya mkulima ilichangia, na kuchelewa kwa malipo pia, hasa baada ya vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976. Lakini mkorosho usiofyekwa wala kupogolewa una hasara ya peke yake. Machipukizi huota kwa wingi ndani ya kivuli cha mti, na hayo ndiyo makazi mazuri ya ukungu kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Ugonjwa ulipofika kusini ulikuta mashamba yamegeuka vichaka vilivyoutengenezea nyumba.

Mwalimu wa shule huhamishwa, akaandika ubaoni kwingine. Mkorosho huwezi kuufanyia hivyo. Mti huo huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vya kutosha, na ukishazaa unataka mtu karibu kwa miongo.

## Hesabu ya kaya 250

Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilisema kijiji kisajiliwe kikiwa na kaya zisizopungua 250. Nimejaribu kuipigia hesabu namba hiyo.

Chukua shule ya msingi yenye madarasa saba, watoto 45 kila darasa. Hao ni watoto 315. Kaya 250, kila moja na mtoto mmoja au wawili wa umri wa kwenda shule, zinaijaza. Zahanati, duka la ushirika, bomba la maji: vyote vinaingia akilini kwa kaya 250.

Geukia shamba. Kaya 250, kila moja ekari tano, ni ekari 1,250, yaani kama hektari 500, au kilomita tano za mraba. Si mbaya, ukizungushia kijiji duara, shamba la mwisho liko kilomita moja na robo. Lakini sehemu kubwa ya nchi wakati ule ardhi ilikuwa inapumzishwa. Ukilima mwaka mmoja na kuipumzisha minne, kijiji kinahitaji kilomita 25 za mraba, na shamba la mbali linafika karibu kilomita tatu. Kijiji kikiwa na kaya 500, ni kilomita nne kwenda na nne kurudi, na hapo tunadhani ardhi yote ya pembeni inalimika, haina mlima, haina bonde la maji, na kijiji jirani hakijapangwa kilomita tano mbele kwenye barabara hiyohiyo.

Mtu akishaona umbali huo hufanya mambo mawili. Huacha kupumzisha ardhi, analima palepale karibu na nyumba kila mwaka mpaka udongo uchoke. Au hulima mbali na kulala kijijini, na usiku shamba linabaki na nguruwe na nyani.

Watu wa Rufiji walikuwa na jibu lao kwa hilo muda mrefu kabla ya serikali yoyote kuwauliza. Walijenga madungu, vibanda juu ya nguzo katikati ya mashamba ya bondeni, wakalala humo mazao yakiwa shambani. Maji ya mafuriko yalipita chini ya sakafu, na yalipopungua walipanda mlau, zao la pili linalokua kwa unyevu uliobaki kwenye udongo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamishia kwenye ardhi ya mwinuko, mbali na mto. Kwa macho ya ofisini mafuriko yalikuwa maafa tu. Kwa mkulima wa bondeni yalikuwa pia ndiyo mbolea na ndiyo umwagiliaji.

## Wazo hili halikuzaliwa na Ujamaa

Hapa ndipo shaka yangu ilipoanzia. Mazoea yetu ni kusema: Ujamaa ulihamisha watu, Ujamaa ukashindwa. Wanaoutetea husema nia ilikuwa njema, wanaoushambulia husema ujamaa wowote huishia hivyo. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba wazo la kuwakusanya watu lilikuwa la Ujamaa.

Sidhani.

Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Mwingereza iliwakusanya watu wa magharibi mwa Tanganyika kwenye makazi ya pamoja ili kupambana na malale. Kenya, mwaka 1954 na 1955, zaidi ya Wakikuyu milioni moja waliingizwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye ulinzi, ili Mau Mau wakose chakula. Kongwa, kuanzia 1947, serikali ileile ilijaribu kulima karanga kwa matrekta na matingatinga, lengo la mradi mzima likiwa zaidi ya ekari milioni tatu. Udongo wa mfinyanzi ukakauka mgumu kama saruji, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mradi ukafungwa ukiwa umeteketeza pauni zipatazo milioni 36. Kote huko wazo lilikuwa moja: mkulima aliyetawanyika, mwenye jembe la mkono, ndiye tatizo.

Mwaka 1961 Benki ya Dunia ikachapisha ripoti yake juu ya uchumi wa Tanganyika. Ilitaja njia mbili. Ya kwanza ni uboreshaji: bwana shamba anamfuata mkulima alipo, na mbegu, na mbolea, polepole. Ya pili ni mageuzi: watu watolewe kwenye mazingira yao ya zamani, wapelekwe makazi mapya yenye usimamizi, mashine na mtaji. Hoja ilikuwa kwamba mtu akibaki kwao atabanwa na mila, na mahali papya patamfungua.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoihutubia nchi kama Rais wa Jamhuri mpya, alirudi kwenye jambo hilohilo. Tukiishi tumetawanyika, alieleza, hatutaweza kutumia matrekta, wala kujenga shule, wala kupata maji safi. Azimio la Arusha, lililoutangaza Ujamaa kuwa siasa ya nchi, lilikuwa bado miaka minne na zaidi mbele.

Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, ukapanga makazi zaidi ya 60, kila moja familia zipatazo 250, kwa takriban pauni 150,000.

Namba ileile. 250.

Gawanya: pauni 600 kwa familia moja, katika nchi ambayo pato la mtu kwa mwaka lilikuwa kama pauni 20. Makazi machache yalianza, Upper Kitete kwa ngano, Kabuku kwa mkonge, na mengine. Kilichoharibika kinajulikana. Meneja aliletwa na serikali, na wanakijiji wakajiona vibarua wake. Chakula cha msaada kilikuja kabla ya mavuno, hivyo mavuno yakakosa haraka. Trekta lilikopwa kwa jina la kijiji, likaharibika kwa kukosa vipuri, na deni likabaki. Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, akatangaza kwamba makazi mapya ya aina hiyo hayataanzishwa tena.

Serikali changa ilikubali kosa hadharani kabla hata ya miaka mitano ya Uhuru kutimia. Naiheshimu sana siku hiyo. Ila kilichohukumiwa siku ile kilikuwa gharama. Imani kwamba mtu aliyetawanyika ni tatizo haikuhojiwa. Iliingia muongo uliofuata ikiwa nzima.

## Litowa

Wakati huohuo, Songea, kulikuwa na kitu tofauti kabisa. Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati ule, walianza kulima pamoja Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, jaribio lao la kwanza wakakaribia kufa njaa, wakarudi tena. Mwaka 1963 vijiji vya aina hiyo vikaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Kufikia 1969 vilikuwa 17. Vilikuwa na mashine ya kusaga, upasuaji wa mbao, ufumaji, na shule ya Litowa iliyofundisha watoto kwa kufuata kazi ya kijiji.

Kilichovitofautisha ni namna vilivyokua. Kundi dogo linaanza. Halina mali nyingi, lina majembe na chakula cha kuvukia msimu. Mkutano wa wanakijiji unaamua nini kilimwe na nani afanye nini, na anayetaka kujiunga anakuja baada ya kuona. Mashine hainunuliwi mpaka kazi iwe imeihitaji. Ni mwendo wa kobe, na kila hatua ina mtu anayejua kwa nini ilichukuliwa.

Mwalimu aliandika juu ya Ujamaa vijijini mwaka 1967 akiwa ameshaiona Litowa. Oktoba 1968 aliandika tena, juu ya uhuru na maendeleo, akasema wazi kwamba mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza mwenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa nguvu.

Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ikakipiga marufuku Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali zake zikachukuliwa na TANU.

Chini ya mwaka mmoja kati ya maneno yale na uamuzi huu. Nimeshindwa kuupita mwaka huo bila kusimama.

## Nani angesema "ngojeni"?

Maelezo ya kawaida ya 1973 ni haraka. Miaka sita baada ya Azimio la Arusha, watu kama milioni mbili tu walikuwa vijijini. Mkutano Mkuu wa TANU uliofanyika Mwanza Septemba 1973 ukaweka ukomo: mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe kijijini. Novemba mwaka huo Mwalimu akasema kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka 1975 idadi ilikuwa imefika milioni tisa, 1976 milioni 13.

Haraka inaeleza kwa nini amri ilitolewa. Haielezi kwa nini haikukutana na kizuizi.

Mimi naangalia vyombo. Chama cha Ruvuma, ambacho kingeweza kusema kijiji hakijengwi hivi, kilikuwa kimezikwa 1969. Halmashauri za wilaya, ambazo wajumbe wake walichaguliwa na watu, zilifutwa 1972 katika mpango wa Madaraka Mikoani, mpango ulioandaliwa na McKinsey, kampuni ya washauri ya Marekani. Baada ya hapo wilaya ilikuwa na wakurugenzi na wataalamu wanaotazama juu, kwa mkuu wa mkoa. Na vyama vikuu vya ushirika, pamoja na kasoro zao zote, vikaondoka 1976.

Mkuu wa mkoa akabaki na lengo na tarehe. Kijiji kikapimwa kwa kamba kando ya barabara kwa sababu lori linafika hapo. Mgambo walitumika, magari ya jeshi yalitumika, na penye ubishi nyumba zilichomwa au kuezuliwa ili mtu asirudi. Operesheni zilifanyika zaidi wakati wa kiangazi, barabara zikiwa zinapitika, yaani miezi ileile ya kuandaa mashamba. Aliyefikishwa Novemba alikuwa na mvua juu ya kichwa, hana nyumba na hana shamba lililofyekwa. Ukame wa 1973 hadi 1975 ukaja juu ya hayo, mafuta yakapanda bei duniani, na nchi ikatumia fedha zake za kigeni kununua nafaka.

Na kuna neno lililobadilika kimyakimya. Vijiji vile vya operesheni havikuitwa tena vya ujamaa. Viliitwa vijiji vya maendeleo, na sheria ya 1975 ikatenganisha kijiji na kijiji cha ujamaa. Shamba la pamoja, mkutano unaoamua, watu kujiunga kwa hiari: hayo yote yakawa ya baadaye. Kilichobaki mkononi kilikuwa ni kuwakusanya watu karibu na barabara ili huduma na utaalamu viwafikie.

Hiyo ni njia ya mageuzi ya ripoti ya 1961, ikiwa imeondolewa pauni 600 kwa familia.

## Ugumu wa jambo lenyewe

Sitaki kuifanya hadithi hii nyepesi. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1970 hadi 27 mwaka 1977. Elimu ya msingi kwa wote iliwezekana kwa sababu watoto walikuwa mahali wanapoweza kuhesabiwa. Mama mjamzito aliye dakika kumi kutoka zahanati hana sababu ya kuililia nyumba ya porini. Hesabu ya kaya 250 ilikuwa hesabu sahihi ya shule, na shule zilikuja.

Ila shule ingeweza kwenda na mti. Kilimanjaro na Bukoba, kwenye migomba na kahawa, watu walikuwa wameshabanana, na wengi waliachwa walipokuwa; kijiji kikawa mpaka uliochorwa kuwazunguka. Kwa hiyo ilijulikana kwamba kijiji kinaweza kuundwa bila kumng'oa mtu kwenye mazao yake ya kudumu. Migomba ilionekana kuwa shamba la mtu. Mikorosho ya kusini, mlau wa Rufiji na mashamba yenye samadi kandokando ya tembe za Dodoma yalihesabiwa kama pori lenye watu waliotawanyika.

## Mahame

Pita leo porini, ukiona miembe mitatu minne mikubwa katikati ya pasipo na nyumba, hapo ni mahame, makazi yaliyoachwa.

Miaka ya 1980 wapo waliokwenda mahakamani kudai ardhi waliyoiacha, hasa mkoani Arusha, na baadhi walishinda. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki hizo na kuzima kesi. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na mali haichukuliwi bila fidia ya haki. Halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 15, ikathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika wakati wa kuhamia vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977, na kuzikomesha haki za waliokuwepo kabla.

Naelewa sababu. Kijiji kizima hakiwezi kuishi kwa wasiwasi wa kesi za miaka 30. Lakini kufunga madai ni jambo moja, na kufuta kumbukumbu ni jambo jingine.

Korosho zilikaa karibu miaka 40 kabla ya kuvuka tena tani 145,000. Soko huria la miaka ya 1990 lilisaidia, salfa ilisaidia, na watu kurudi kufyeka chini ya miti ya zamani kulisaidia.

Sasa vijiji vingi vinaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi. Ramani huanza na mipaka, barabara, vyanzo vya maji, malisho, makazi. Ningependa kabla ya hayo yote kamati itembee siku mbili na wazee, iweke alama kwenye kila hame: nani alikaa hapa, alilima nini, kwenye udongo upi, maji aliyapata wapi, aliondolewa mwaka gani. Daftari moja la kurasa 100 na simu yenye GPS vinatosha kwa kijiji kizima. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 leo amevuka 70, kwa hiyo kazi hiyo inatakiwa ianze kiangazi hiki.